Kutoka Mzizi hadi Dawa: Asili na Maana za Neno la Kigermaniki 'Wyrt' na Tatizo Lake kwa Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya neno la kale la Kigermaniki lililotaja mmea, ambalo katika Kiingereza cha Kale liliandikwa 'wyrt' na ambalo leo limebaki kama kipande cha mwisho, 'wort', katika majina mengi ya mimea ya Kiingereza. Neno hilo lilianza kwa maana ya mzizi, likapanuka hadi kutaja mmea, mboga, kiungo cha chakula na dawa, kisha likasukumwa pembeni na maneno ya mkopo. Hoja inayotetewa ni kwamba neno hili lilipokoma kuwa neno huru halikupoteza nguvu yake: liliendelea kubeba ndani ya majina madai ya tiba ambayo mengine hayana msingi, na mengine ni ya hatari. Sehemu ya mwisho inaangalia jinsi suala hili linavyomgusa mfasiri wa maandiko ya afya na botania katika Kiswahili.

1. Utangulizi

Mfasiri anayeweka mbele yake kitabu cha Kiingereza kuhusu mimea hukutana mara kwa mara na majina yanayoishia kwa 'wort': 'mugwort', 'lungwort', 'liverwort', 'birthwort', 'St John's wort'. Akifungua kamusi ya kawaida ataambiwa kwamba 'wort' ni neno la zamani lenye maana ya mmea au mmea wa dawa. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Halimwambii kwa nini neno lile lile hutajwa na wapika bia wakimaanisha maji ya kimea yasiyochachushwa bado, wala kwa nini katika Kiafrikana 'wortel' ni mzizi na pia ni karoti. Zaidi ya yote, halimwambii kama 'birthwort' ni mmea unaosaidia uzazi kweli, au ni mmea ambao watu wa zamani walidhani unasaidia uzazi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili, kama itakavyoonekana, imewahi kuwa tofauti kati ya uhai na kifo.

Inafaa kutanguliza ufafanuzi mmoja wa istilahi. Kwa Kiswahili neno 'Kijerumani' hutumika kwa lugha ya taifa la Ujerumani. Hapa, jamii nzima ya lugha zenye asili moja, yaani Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kidenishi, Kiswidi, Kiaislandi, Kigothi kilichokufa na nyinginezo, inaitwa lugha za Kigermaniki. Kuchanganya majina hayo mawili ni kosa la kawaida, na katika mada hii lingevuruga kila kitu.

2. Asili ya neno

Wanaisimu linganishi hulirejesha neno hili katika umbo la kukisiwa '*wurtiz' la lugha mame ya Kigermaniki. Nyota mbele ya neno huonyesha kwamba umbo hilo halikuandikwa popote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha mabinti wake. Mabinti hao wanajulikana vyema: Kigothi 'waurts', Kiingereza cha Kale 'wyrt', Kijerumani cha Juu cha Kale 'wurz', Kidenishi 'urt', Kiswidi 'ört'. Kukosekana kwa 'w' katika lugha za Skandinavia si ajali. Lugha hizo ziliangusha sauti hiyo mbele ya irabu 'u', na ndiyo maana hata neno lenyewe la 'neno', ambalo kwa Kiingereza ni 'word', katika Kiswidi ni 'ord'.

Irabu 'y' ya Kiingereza cha Kale nayo ina sababu. Ile 'i' ya silabi ya mwisho katika '*wurtiz' iliivuta 'u' iliyotangulia isogezwe mbele kinywani, ikawa sauti iliyo kati ya 'u' na 'i'. Mchakato huu huitwa umlauti. Kisha 'i' yenyewe ikatoweka, kama mgeni aliyeondoka akiacha alama ya miguu mlangoni. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea irabu tano zilizotulia anaweza kuona jambo hili kuwa geni, lakini ndilo linaloeleza pia kwa nini wingi wa 'foot' ni 'feet' na wingi wa 'mouse' ni 'mice'.

Nje ya Kigermaniki, ndugu wa neno hili wamesambaa katika jamii ya Kihindi-Kiulaya. Kilatini kina 'radix', mzizi; Kigiriki kina 'rhiza', mzizi; Kiwelisi kina 'gwraidd', mizizi. Ulinganisho wa 'd' ya Kilatini na 't' ya Kigermaniki unafuata kanuni iliyoelezwa na Jacob Grimm mwaka 1822, kanuni ile ile inayounganisha Kilatini 'duo' na Kiingereza 'two', 'decem' na 'ten'. Kwa hiyo si suala la maneno kufanana kwa bahati.

Ushahidi huu unatatua swali la maana ya kwanza. Kilatini, Kigiriki na Kiwelisi vyote vinasema 'mzizi'. Kigothi, lugha ya Kigermaniki yenye maandiko marefu ya zamani kuliko zote, nacho kinasema 'mzizi': katika tafsiri ya Biblia iliyofanywa na Askofu Wulfila karne ya 4, 'waurts' ndilo neno la mizizi ambayo mbegu zilizoanguka penye mwamba hazikuwa nayo. Ni katika tawi la magharibi na la kaskazini ndipo neno linaonekana likiwa limepanda kutoka ardhini hadi kwenye mmea mzima.

Kwa nini lilipanda? Maelezo yenye nguvu zaidi ni yale ya matumizi. Mchumaji dawa na mpishi wa zamani hawakuuona mmea kama mwanabotania anavyouona. Waliuona kwa ile sehemu waliyoihitaji. Mmea ambao faida yake iko chini ya udongo huitwa kwa jina la sehemu hiyo, na baadaye jina huenea kwa mimea yote ya aina hiyo ya faida, hata ile ambayo ni majani tu yanayotumika. Kijerumani kimehifadhi hatua ya kwanza vizuri zaidi. Majina kama 'Nieswurz', mmea ambao unga wa mizizi yake humfanya mtu apige chafya, na 'Blutwurz', mmea ambao shina lake la chini ya ardhi likikatwa huwa jekundu kama damu, bado yanaelekeza jicho chini. Kiingereza kilisonga mbele zaidi, na matokeo yake kuna kichekesho cha kisayansi: 'liverwort' ni jina la kundi la mimea midogo ambayo haina mizizi ya kweli hata kidogo, bali nyuzinyuzi tu za kujishikiza. Mmea usio na mzizi umepewa jina lenye asili ya mzizi, na wanafunzi wa biolojia hulikariri bila kushtuka.

Pengo lililoachwa na 'wyrt' lilipohamia kwenye mmea lilizibwa kwa namna mbili. Kwanza, liliundwa neno refu, 'wyrtwalu', lenye maana karibu na 'fimbo ya mmea', ambalo ndugu yake wa Kijerumani ndiye 'Wurzel' wa leo na wa Kiholanzi ndiye 'wortel'. Waholanzi walilipeleka neno lao mbali: katika Kiindonesia 'wortel' ni karoti. Pili, Kiingereza kilikopa kutoka kwa Waskandinavia waliohamia Uingereza neno 'rot', ambalo leo ni 'root'. Jambo la kuvutia ni kwamba 'rot' lenyewe linatoka kwenye shina lile lile la kale. Kiingereza kilimkopa binamu ili ashike nafasi iliyoachwa na ndugu. Ukiongeza 'radish' na 'radical' kutoka Kilatini, 'rhizome' kutoka Kigiriki, na hata 'liquorice', ambalo ndani yake mna 'rhiza' ya Kigiriki iliyotanguliwa na neno la utamu, basi msemaji wa Kiingereza ana mzizi mmoja uliochipua mara sita.

3. 'Wyrt' katika maandiko ya tiba ya Waanglosaksoni

Neno hili lilistawi zaidi katika vitabu vya tiba. Vitatu ndivyo vinavyotajwa zaidi. Cha kwanza ni kile kiitwacho Kitabu cha Tiba cha Bald, ambacho nakala yake ya pekee ni ya katikati ya karne ya 10. Cha pili ni mkusanyo uitwao 'Lacnunga', wa takriban mwaka 1000, wenye maagizo ya dawa pamoja na maneno ya kuganga, likiwamo utungo maarufu juu ya mimea tisa unaoanza na 'mucgwyrt'. Cha tatu ni Herbari ya Kiingereza cha Kale, tafsiri ya maandiko ya Kilatini, yenye kushughulikia mimea 185. Nakala yake yenye michoro ilinusurika moto ulioteketeza sehemu ya maktaba ya Cotton mwaka 1731, ingawa iliungua pembezoni.

Katika vitabu hivyo 'wyrt' ni mmea wa majani usio mti wala nyasi; ni mboga; ni kiungo; na mara nyingi ni kitu cha kuchumwa kwa ajili ya tiba. Muktadha ndio unaoamua. Familia ya maneno yaliyoundwa nalo ni kubwa: 'wyrttun' na 'wyrtgeard' ni bustani, 'wyrtweard' ni mtunza bustani, 'wyrtdrenc' ni dawa ya kunywa iliyotengenezwa kwa mimea, 'wyrtgemang' ni mchanganyiko wa manukato. Palikuwa pia na 'wyrtgælstre', mwanamke anayetumia mimea kwa uganga. Lugha haikutenganisha jiko, bustani na kilinge kwa maneno tofauti, kwa sababu maisha yenyewe hayakuvitenganisha.

Mtafsiri wa Injili katika Kiingereza cha Kale naye alilichagua 'wyrt' katika mfano wa punje ya haradali, pale inaposemwa kwamba ikikua hupita mimea mingine yote ya bustani. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano mahali hapo walisema 'mboga'. Uchaguzi huo ni sahihi na wa busara, maana katika aya hiyo hiyo haradali inageuka kuwa mti, na ladha ya mfano hupatikana katika kuruka kutoka mboga hadi mti. Lakini mtu akijaribu kutafsiri kila 'wyrt' kwa 'mboga', atafika kwenye kitabu cha Bald na kumfanya mganga awe mpishi.

Isidhaniwe kwamba maandiko haya ni mabaki ya ujinga tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, wanabiolojia wakishirikiana na msomi wa lugha za kale, walitengeneza dawa ya macho iliyoagizwa katika kitabu cha Bald: kitunguu saumu, mmea mwingine wa jamii ya vitunguu, divai na nyongo ya ng'ombe, vikihifadhiwa kwa siku tisa. Katika maabara mchanganyiko huo uliua kwa kiwango kikubwa bakteria sugu wa aina ya stafilokokasi, ilhali kila kiambato peke yake hakikufikia matokeo hayo. Kilichowasumbua watafiti kilikuwa tatizo la leksikografia. Kitabu kinataja 'cropleac', na hakuna ajuaye kwa hakika kama ni kitunguu maji au ni liki. Ilibidi wajaribu vyote viwili. Hapo ndipo kazi ya mwanaisimu ilipoingia maabara bila kualikwa.

4. Bustani na pipa la bia

Maneno mawili ya Kiingereza cha leo huhusishwa na 'wyrt' na yanahitaji tahadhari.

La kwanza ni 'orchard', bustani ya miti ya matunda, ambalo katika Kiingereza cha Kale lilikuwa 'ortgeard'. Kwa kuwa 'wyrtgeard' nalo lipo, ni rahisi kusema kwamba moja ni ufupisho wa jingine. Tatizo ni Kigothi. Kigothi kina 'aurtigards', bustani, bila 'w', wakati mzizi ni 'waurts', wenye 'w'. Kigothi hakikuwa na mazoea ya kuangusha 'w' mahali hapo. Kwa sababu hiyo wapo wanaoona kwamba sehemu ya kwanza ni Kilatini 'hortus', bustani, kilichotamkwa bila 'h' katika mazungumzo ya kawaida ya Warumi. Ushahidi wa Kigothi unaifanya hoja ya mkopo kuwa nzito zaidi, ingawa inawezekana kabisa kwamba masikioni mwa Mwanglosaksoni wa kawaida maneno hayo mawili yalikuwa yamekwisha kushikamana.

La pili ni 'wort' la wapika bia: maji matamu yanayokamuliwa kutoka kwenye nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kabla ya kutiwa hamira. Kijerumani huita kitu hicho 'Würze', neno ambalo pia ni kikolezo cha chakula; na viungo vya mapishi kwa jumla ni 'Gewürz'. Njia ya maana ni kutoka mmea wenye harufu hadi kitu kinachokoleza, na kutoka hapo hadi kioevu kilichokolea.

Msomaji wa Kiswahili hapa hukaribia mtego. Kiswahili kina 'mmea' na kina 'kimea', nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya pombe, na yote mawili yanatoka katika kitenzi 'mea'. Ulinganifu unapendeza: pande zote mbili mmea na pombe vimekaa katika neno moja. Lakini njia zake hazifanani hata kidogo. Kimea kimeitwa hivyo kwa sababu punje zinamea. 'Wort' la bia limepitia jikoni, kwenye viungo na ladha. Ulinganifu wa matokeo si ulinganifu wa historia, na semantiki linganishi ikisahau hilo hugeuka kuwa mchezo wa kubahatisha.

5. Kusukumwa pembeni

Baada ya Wanomani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilileta 'erbe', kutoka Kilatini 'herba', ambalo ndilo 'herb' la sasa. 'Plant' lilikwisha kuingia mapema kutoka Kilatini 'planta', lenye maana ya chipukizi la kupandikiza, na baadaye likaja 'vegetable'. Kila mgeni alichukua chumba kimoja cha nyumba ya 'wyrt': mmoja dawa na viungo, mwingine mimea kwa jumla, mwingine mboga, na 'root' alikwisha kuchukua chumba cha chini. Mwenye nyumba akabaki barazani, yaani mwishoni mwa majina ya mimea, ambako hasemi peke yake.

Ujerumani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko mshindani mkubwa hakuwa mgeni bali neno jingine la Kigermaniki, 'Kraut', lililochukua majani na kuiachia 'Wurz' mizizi. Ndiyo maana mmea ambao Mwingereza anauita 'St John's wort' Mjerumani anauita 'Johanniskraut'.

Historia kama hii haiko mbali na lugha za Kibantu. Katika Kizulu 'umuthi' ni mti na pia ni dawa. Kiswahili kina ndugu wa neno hilo, 'mti', lakini maana ya dawa kwa sehemu kubwa imekaliwa na 'dawa', neno lenye asili ya Kiarabu. Uhusiano wa zamani kati ya mti na tiba umebaki ukionekana katika msemo 'miti shamba', ambamo hakuna anayefikiria miti yenye mashina. Watu hufikiria majani, magome na mizizi iliyochemshwa. Msemo huo ni baraza la Kiswahili.

Katika karne ya 16 'wort' lilipata uhai wa pili. William Turner, kasisi na tabibu aliyechapisha orodha ya majina ya mimea mwaka 1548 na sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1551, pamoja na waliomfuata, walihitaji majina ya Kiingereza kwa mimea iliyojulikana kwa Kilatini na Kijerumani tu. Kipande '-wort' kiliwafaa. Kwa hiyo si kila jina lenye 'wort' ni la kale. Mengine ni kazi ya mezani ya wasomi waliotaka lisikike kuwa la kale. Karne tatu baadaye Oswald Cockayne, aliyehariri maandiko ya tiba ya Waanglosaksoni katika juzuu tatu kati ya 1864 na 1866, aliweka katika jina la kitabu chake neno 'wortcunning', ujuzi wa mimea. Neno hilo sasa huchukuliwa na wengi kuwa la Waanglosaksoni wenyewe. Ni la Cockayne.

6. Jina linapoahidi

Majina mengi ya 'wort' yana umbo moja: sehemu ya mwili au hali ya mwili, kisha 'wort'. Mapafu, ini, wengu, kuzaa. Nyuma yake ipo imani kwamba Mungu aliweka juu ya kila mmea alama ya matumizi yake. Jani lenye madoadoa kama pafu litatibu pafu. Mmea uliolala bapa wenye umbo la ini utatibu ini. Fikra hii ilipewa nguvu na maandishi ya Paracelsus, tabibu aliyekufa mwaka 1541, ingawa majina kadhaa yalikuwepo kabla yake. Linnaeus mwaka 1753 aliipa mimea majina ya Kilatini yanayotumika hadi leo, lakini imani ile ilipenya hata humo: 'Pulmonaria', jina la kisayansi la 'lungwort', limejengwa juu ya neno la Kilatini la pafu.

'Birthwort' ni mfano mzito zaidi. Ni mimea ya jenasi 'Aristolochia', jina lenye maneno ya Kigiriki ya ubora na uzazi. Ua lake lililopinda lilifananishwa na njia ya uzazi, na kwa karne nyingi lilipewa wanawake wakati wa kujifungua. Leo inajulikana kwamba mimea ya jenasi hiyo ina asidi ya aristolokia, sumu inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitangaza kisa cha wanawake walioharibikiwa figo kwa kasi baada ya kutumia vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na mimea ya Kichina. Idadi ya waliogundulika baadaye ilizidi mia moja. Chanzo kilikuwa jina. Mmea uliokusudiwa, 'Stephania tetrandra', na mmea wa 'Aristolochia' ulioingizwa mahali pake, katika biashara ya dawa za Kichina yote miwili huitwa kwa majina yanayoishia kwa 'fangji'. Katika nchi za Balkani, ugonjwa wa figo uliosumbua vijiji vya kando ya vijito vya mto Danube kwa miongo mingi ulihusishwa na mbegu za 'Aristolochia' zilizoota ngano ilikolimwa na kuingia katika unga. Mwaka 2002 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka mimea yenye asidi hiyo katika kundi la kwanza, la visababishi vilivyothibitishwa kwa binadamu.

'St John's wort', yaani 'Hypericum perforatum', ni kisa cha aina nyingine. Jina linatokana na sikukuu ya Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, mmea unapochanua. Huuzwa kama dawa ya huzuni, na tafiti zimeonyesha kwamba kwa sonona isiyo kali una nguvu ya kweli. Lakini huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Tangu mwaka 2000 imejulikana kwamba hupunguza kiasi cha dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI katika damu. Hali kadhalika hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dawa zinazozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Na jina lenyewe haliaminiki kuvuka mpaka: Wanorwe huuita mmea huu 'johannesurt', ilhali jirani yao Mdenishi akisema 'sankthansurt', urt wa Mtakatifu Yohane yule yule, anataja mmea mwingine kabisa wenye majani manene.

7. Mfasiri wa Kiswahili afanyeje

Maelezo ya dawa za mimea zinazoagizwa kutoka Ulaya na Marekani yakihitaji Kiswahili, mfasiri ana vishawishi vitatu. Cha kwanza ni kwenda kwenye etimolojia na kuandika 'mzizi'. 'Mzizi wa Mtakatifu Yohane' ungekuwa upotoshaji, kwa kuwa sehemu inayotumika ni maua na majani. Cha pili ni kuandika 'dawa', hivyo 'birthwort' iwe 'dawa ya uzazi'. Hili ni kosa baya zaidi, kwa sababu linafufua kwa Kiswahili ahadi ambayo kwa Kiingereza imekwisha kufa. Msemaji wa Kiingereza wa leo hasikii tena chochote katika 'wort'. Msomaji wa Kiswahili angesikia kila kitu katika 'dawa'. Uaminifu kwa neno ungekuwa usaliti kwa mgonjwa. Cha tatu ni kuliacha jina la Kiingereza lilivyo, jambo linalomwachia msomaji sauti tupu.

Utaratibu salama ni kuanzia jina la kisayansi, kulitaja, kisha kutumia neno lisiloahidi kitu, yaani 'mmea', na maana ya jina la kigeni ielezwe kama habari ya historia. 'Aristolochia, mmea wenye sumu uliodhaniwa zamani kusaidia uzazi' ni maneno mengi, lakini kila moja lina kazi. Pale ambapo Kiswahili kina jina lake, jina hilo litumike kwa mipaka yake. 'Pakanga', kwa mfano, linajulikana na wasomaji wa Biblia kwa uchungu wake na linakaa vizuri kwa mimea ya jenasi 'Artemisia'. Lakini jenasi hiyo ina 'mugwort' wa Ulaya na pia 'Artemisia annua', inayolimwa Afrika Mashariki kwa ajili ya kutengeneza dawa ya malaria. Kuita yote 'pakanga' bila nyongeza ni kurudia kosa la Brussels kwa lugha nyingine.

Liko jina moja la 'wort' ambalo halihitaji juhudi yoyote. 'Colewort', lililoundwa kwa neno la Kilatini la kabichi na 'wort' la kale, lilisagika midomoni mwa watu hadi likawa 'collard', nalo ndilo jina la Kimarekani la mboga ya majani isiyofunga kichwa. Mboga hiyo huuzwa kwa mafungu katika kila soko la Nairobi, na jina lake linajulikana tangu Mombasa hadi Kisumu: sukuma wiki.